Mkunga nyumbani: mgeni mwenye meno

Tulipokuwa tungali vijana wa darasa la Kilatini, tulipewa kufasiri habari moja ya Seneka ambayo hatujaisahau hata leo. Alikuwako Mrumi mmoja tajiri, jina lake Vedius Pollio, aliyefariki mwaka 15 kabla ya Kristu. Yeye alitoka katika ukoo wa watumwa waliopewa uhuru, lakini mali ilikuwa imemsahaulisha jambo hilo. Alikuwa na bwawa alimofuga mikunga, samaki warefu kama nyoka, wenye meno makali. Siku moja Kaisari Augusto alikuwa mgeni mezani pake, na mtumwa mmoja kijana akavunja bilauri ya thamani. Mara bwana wake akaamuru atupwe bwawani, awe chakula cha mikunga. Kijana akawaponyoka waliomshika, akaanguka miguuni pa Kaisari. Wala hakuomba kuishi, aliomba tu afe kwa namna nyingine. Kaisari akaamuru kijana aachwe, bilauri zote za nyumba ile zivunjwe papo hapo, na bwawa lifukiwe.

Akina mama wasishangae: mkunga tunayemtaja hapa si yule anayewazalisha! Ni samaki wa bahari, akaaye katika mapango ya miamba. Wavuvi wa Uvira na Kalemie huvua samaki wembamba wafananao na nyoka, lakini hao ni wa jamaa nyingine. Mkunga hana magamba, hana mapezi ya kifuani, na mwili wake una utelezi.

Warumi walimpenda kupita kiasi. Plinio ameandika kwamba mtu aitwaye Hirrius alimpa Kaisari Yulio mikunga 6,000 kwa karamu za ushindi wake. Hakutaka fedha wala bidhaa, bali alitaka arudishiwe samaki. Hortensius, msemaji hodari, yasemekana alilia machozi mkunga wake alipokufa. Tena katika nyumba hiyo hiyo, baadaye, bibi Antonia alimvika mkunga wake hereni. Sisi tunajiuliza nani alithubutu kumshika samaki yule wakati wa kumvika.

Siku hizi hapana haja ya bwawa. Huko Ulaya na Marekani watu wengi wa kawaida hufuga mkunga sebuleni, katika sanduku kubwa la vioo. Apendwaye zaidi ni yule ambaye wataalamu humwita Echidna nebulosa, mweupe mwenye mabaka meusi na madoa ya manjano. Huyu huonekana tangu pwani za Afrika ya Mashariki hata ng'ambo ya pili ya bahari ya Pasifiki. Kwa kawaida hafiki mita moja. Meno yake mengi ni butu, maana chakula chake hasa ni kaa. Lakini ndugu yake mkubwa, Gymnothorax javanicus, aweza kufikia mita 3 na kilo 30. Huyo hafai kabisa kuwekwa nyumbani.

Mgeni akimtazama mara ya kwanza huogopa, kwa sababu mkunga hukaa akifumbua na kufumba kinywa kana kwamba anatisha watu. Kumbe anavuta pumzi tu: anayapitisha maji kwenye matamvua yake. La ajabu zaidi limefichwa kooni. Mwaka 2007 wataalamu wawili wa Marekani, Rita Mehta na Peter Wainwright, walionyesha kwamba mkunga ana taya za pili ndani ya koo. Taya za mbele zikisha kukamata, zile za nyuma huruka mbele, zikauma windo na kulivuta tumboni.

Kumtunza si mchezo. Maji yake yawe na chumvi ya bahari gramu 35 hivi kwa kila litri, na joto la digrii 25 au karibu yake. Pampu na chujio vifanye kazi mchana na usiku, kwa kuwa mla nyama huchafua maji upesi. (Sisi tuliozoea umeme kukatika twajua taabu iliyo katika neno hilo.) Apewe pango la kujificha, na mawe yake yapangwe imara, maana yeye hujipenyeza kwa nguvu na mawe yaweza kumwangukia. Samaki wadogo na kamba wasiwekwe pamoja naye, ila kama mwenye nyumba anataka kumlisha kwa bei ghali.

Jambo linalowashinda wengi ni kifuniko. Mkunga ni hodari wa kutoroka. Tundu dogo lililoachwa kwa ajili ya mpira wa pampu lamtosha. Akipenyeza kichwa, mwili wote hufuata. Wafugaji wengi wamemkuta asubuhi amekauka sakafuni, nyuma ya kabati.

Hulishwa mara 2 au 3 kwa juma, vipande vya kamba, kaa au ngisi, navyo hushikwa kwa koleo ndefu. Macho yake ni dhaifu, pua yake ni kali mno. Hawezi kupambanua kidole kinachonuka samaki na samaki mwenyewe. Baada ya miezi kadhaa hutoa kichwa pangoni akiona kivuli cha mlishaji. Je, anampenda? Hortensius angeapa kwamba ndivyo. Sisi tunadhani kwamba anakumbuka chakula. Na hilo halimpunguzii heshima.

Karibu mikunga wote wanaouzwa wamekamatwa baharini. Yuko mmoja mwembamba kama utepe, mweusi akiwa mdogo, kisha buluu yenye manjano, ambaye uzuri wake huwavuta wanunuzi kuliko wote. Huyo mara nyingi hukataa kula akiwa kifungoni, akakonda juma kwa juma hata kufa. Kwa hiyo mnunuzi mwenye busara humwomba mwenye duka amlishe mkunga mbele ya macho yake kabla ya kutoa fedha. Mkunga asipokula, huondoka mikono mitupu.