Printa Ikigoma Kupitia Doki
Printa ikigoma kuchapa kupitia doki ya laptop, lawama huiangukia printa. Chomeka waya wake wa USB kwenye laptop moja kwa moja. Ikichapa, printa ni nzima, ila doki nayo isihukumiwe mapema. Windows mara nyingi huitambua printa kwa tundu ilipochomekwa: ukihamisha waya, husajili printa nyingine yenye jina lilelile na nyongeza “Copy 1”, huku nyaraka zako zikirundikana kwenye ile ya zamani, ambayo haipo tena hewani. Utasema doki haina kasoro kwani kipanya kilichochomekwa humo kinafanya kazi. Kipanya kiko kwenye tundu jingine, hakithibitishi kwamba tundu la printa ni zima. Rudisha waya kwenye doki, kisha chagua printa iliyo hewani. Ikishindikana, chomoa umeme wa doki, urudishe, ndipo umwite fundi.