Kinanda Kikikutana na Litungu

Mtunzi wa kwaya huku Bungoma au Kitale afanyeje akitaka kutia mdundo wa litungu katika kinanda cha kanisa? Si mchezo! Litungu, ala ya Wabukusu, lina nyuzi 7. Uzi ukicharazwa, sauti hufifia upesi. Kinanda nacho hushikilia sauti mpaka uondoe kidole. Ukishikilia hivyo, wimbo hulala na wazee watakucheka. Basi mkono wa kushoto uguse na kuachia, uguse na kuachia. Lahani za kienyeji zafaa sana: mwaka 1963 kamati ya watu 5, akiwemo Peter Kibukosya, ilitoa wimbo wetu wa taifa katika wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea watoto. Mpigaji wetu wa kinanda ameshaanza kutunga. Mkono wa kushoto ndio bado unamsumbua.