Kriketi: Nani Achaguliwe, Nani Arushe Mpira?

Huku Kabuta, kandokando ya Ziwa Mweru, mchezo unaojulikana ni kandanda, na kriketi kwa wengi wetu ni jina la kusikia redioni tu. Hata hivyo, mwezi Julai 2025 Zambia ilirudi katika Baraza la Kimataifa la Kriketi, ambamo iliingia mwaka 2003 na kuondolewa mwaka 2021. Basi ubishi wa mashabiki hauna budi kufufuka: timu ichaguliwe vipi, na warushaji hodari watatoka wapi?

Kwa faida ya jamaa nyumbani wasioujua mchezo huu, mrushaji huelekeza mpira kwenye vijiti vitatu viitwavyo wiketi, naye mpigaji huvilinda kwa ubao wake. Mitupo sita ni ova moja. Wapigaji kumi wakitolewa, zamu ya timu yao imekwisha.

Mwaka 1975, katika Kombe la Dunia la kwanza la wanaume, lililochezwa Uingereza, Zambia ilishiriki ndani ya timu moja ya Afrika Mashariki pamoja na Kenya, Uganda na Tanzania. Nahodha alikuwa Harilal Shah wa Kenya, na miongoni mwa wachezaji wa kutoka Zambia alikuwamo mrushaji Parbhu Nana. Kila timu ilipewa ova 60. Tarehe 7 Juni, New Zealand ilipata mikimbio 309, na Glenn Turner peke yake alipata 171 asitolewe.

Mshabiki akiisikia hesabu hiyo husema mara moja kwamba warushaji walikuwa dhaifu. Lakini Nana alirusha ova 12 akatoa mikimbio 34 tu na kupata wiketi moja. Maana yake ni pungufu ya mikimbio mitatu kwa ova, hali timu nzima ilitoa zaidi ya mitano. Wiki moja baadaye, dhidi ya Uingereza, alirusha tena ova 12 kwa mikimbio 46, safari hii bila wiketi. Je, mtu wa namna hiyo aitwe hodari? Mimi nasema ndiyo, mradi upande wa pili awepo wa kuwang'oa wapigaji waliokwisha kubanwa. Isitoshe, wapigaji wetu nao walipata 128, kisha 120 dhidi ya India, na mwisho 94. Kuwalaumu warushaji peke yao si haki.

Ubishi mwingine ni wa umri. Vijana hudai wazee wapishe. Mwaka 2003 Kenya ilimrudisha Aasif Karim, mwenye umri wa miaka 39, aliyekwisha kustaafu. Akaitolea Australia wiketi tatu kwa mikimbio saba, ingawa Kenya ilishindwa. Juni 2024, Frank Nsubuga wa Uganda, mwenye miaka 43, alirusha ova nne dhidi ya Papua New Guinea, akatoa mikimbio minne na kupata wiketi mbili. Uganda ikashinda. Siku chache baadaye timu hiyohiyo iliangushwa na West Indies kwa mikimbio 39 yote pamoja, na bila shaka mashabiki wakahamishia lawama kwa wapigaji!

Kwa maoni yangu, wateuzi huchagua tu kile kilicholelewa katika michezo ya nyumbani. Mchezo wa ova 20 unapendeza, huisha kwa saa tatu hivi, na askari mwenye zamu ya usiku huweza kuucheza na kurudi kazini. Mchezo wa siku mbili au tatu humfundisha mrushaji kumchosha mpigaji, lakini nani atampa konstebo ruhusa ya siku tatu, na mkewe atasemaje? Ningependelea ova 40, Jumamosi moja asubuhi hadi jioni, ambapo kila mrushaji hupata ova nane. Nana, siku ile ya New Zealand, alirusha mitupo halali 72. Kijana wa ova 20 huishia 24, na kabla mkono wake haujapata moto mpira umekwisha kupewa mwingine.