Uvimbe wa Taya kwa Watoto na Uroho wa Seli

Mama amwonapo mwanawe ana uvimbe wa taya, jambo la kwanza alifikirialo ni jino bovu, na mara nyingi hakosei. Lakini mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alioneshwa mtoto aliyevimba mataya pande zote, juu na chini. Ilikuwa saratani, nayo leo huitwa kwa jina la daktari huyo.

Vipande vya uvimbe wa namna hiyo vilipelekwa London kwa ndege, na mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakatangaza kuwa wameona kirusi ndani ya seli zake. Kirusi hicho huenea kwa mate, na watu walio wengi duniani wanacho bila ya kudhurika. Kwa hiyo hakuna haja ya kumtenga mtoto mgonjwa wala kikombe chake.

Hudhuru vipi, basi? Seli nyeupe ya damu ikiwa imetulia hula kidogo tu. Kirusi kikishaiingia huiamrisha iongeze milango ya kupokelea sukari. Seli hubugia sukari, na badala ya kuiunguza yote kwa oksijeni, nyingi huivunja nusunusu na kutoa asidi. Vipande vingine huvifanya matofali ya kujengea seli mpya. Uroho huo wa saratani aliueleza Otto Warburg wa Ujerumani katika miaka ya 1920. Malaria ya mara kwa mara nayo huchangia, na jeni moja, MYC, ikihama mahali pake, breki hukatika. Uvimbe huweza kukua maradufu kwa siku moja au mbili.

Wako wazazi ambao, wakisikia habari hii, humnyima mgonjwa uji na ndizi ili uvimbe ufe njaa. Wanakosea sana. Mwili usiopata chakula hutengeneza sukari kutokana na nyama yake wenyewe, na uvimbe ukaendelea kula. Anayekonda ni mtoto, naye anahitaji nguvu za kustahimili dawa. Dawa zipo: saiklofosfamaidi, aliyoitumia Burkitt mwenyewe, ingali msingi wa matibabu, na watoto wengi wanaowahishwa hupona. Mzazi aonaye meno ya mwanawe yanalegea na taya linavimba, ampeleke hospitali siku ile ile.