MAELEZO KUHUSU UPIGAJI PICHA WA KWECHE KATIKA MABONDE YA MPUNGA

Mvua zinaponyesha na mabonde ya Unguja na Pemba yakajaa maji, majani na matete, huonekana ndege mdogo mwekundu mfano wa kaa la moto, mwenye uso na tumbo jeusi. Huyo ni kweche. Mtaalamu wa Kimarekani, John Cassin, alimpa jina la kitaalamu Euplectes nigroventris mwaka 1848. Mbali na visiwa vyetu, ndege huyu hupatikana pia katika mwambao wa Kenya na wa Tanzania Bara, hadi kaskazini ya Msumbiji.

Wakaazi na wageni wengi hupenda kumpiga picha. Hivyo basi, ni vyema ikaeleweka kwamba wekundu wa kweche ni wa msimu tu. Ni dume peke yake anayeuvaa, na huuvaa wakati wa kuzaa ili kuwaita majike na kuwaonya madume wenziwe. Msimu ukipita, hurejea rangi ya hudhurungi yenye michirizi, akafanana na jike. Kwa maana hiyo, kila anayemwona kweche mwekundu ajue kwamba viota haviko mbali.

Kiota chake ni mfuko wa majani uliofumwa baina ya mashina ya matete, wenye mlango ubavuni. Jike ndiye anayeatamia. Mtu akisogea mno, jike huruka na kuyaacha mayai. Na mtu akivunja matete ili aone vizuri, huliondoa pazia linalokificha kiota. Kunguru wa India, walioletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 ili wasaidie kula taka za mji, ni hodari wa kutafuta mayai na makinda. Kiota kilichowekwa wazi huwa ni chakula chao.

Anayetaka picha nzuri bila ya madhara anashauriwa yafuatayo:

(a) Afike mapema, baina ya saa 12:30 na saa 3 za asubuhi, jua likiwa nyuma yake. Wakati huo mwanga ni laini na dume huimba juu ya tete lililo wazi.

(b) Atumie lenzi ndefu, ya milimita 400 au zaidi, na alenge jicho la ndege. Dume anapojitutumua na kuruka polepole juu ya majani, kasi ya 1/1000 ya sekunde hutosha kumnasa.

(c) Akae mahali pamoja na kutulia. Dungu la kuamia ndege ni maficho bora, kwa kuwa ndege wamekwisha kulizoea. Lakini kwanza apate ruhusa ya mwenye shamba.

(d) Asikate wala kukunja matete, asiwashe taa ya kamera karibu na kiota, na asipige sauti za ndege zilizorekodiwa ili kumvuta dume.

(e) Akimwona jike ana chakula mdomoni naye anazunguka bila ya kutua, arudi nyuma mara moja. Hiyo ni dalili kwamba mpiga picha ndiye kizuizi.

Aidha, isisahaulike kwamba bonde ni shamba la mtu. Kweche hula nafaka, na mkulima anayeamia tangu alfajiri hana sababu ya kumfurahia. Mpiga picha apite juu ya tuta, asikanyage mpunga, na wala asimtake mkulima aache kuamia kwa ajili ya picha. Matete ya kandoni mwa mitaro, yasiyolimwa, ndiyo mahali panapofaa kusubiri.

Picha iliyokosekana leo inaweza kupatikana kesho. Makinda yaliyoliwa na kunguru hayarudi, na mwakani tete hilo litakuwa tupu. Wananchi na watumishi wote wanaombwa kuwafahamisha wageni wao maelezo haya kabla ya kuwapeleka mabondeni.