Kabla ya kusugua kioo: makosa tuliyoyafanya tukisafisha kamera



Mwezi wa nane, kiangazi kikiwa kimekolea, tulipelekwa kwa uchungaji wa likizo kwenye kigango kimoja cha Ihanda, wilayani Mbozi. Kahawa ilikuwa inaanikwa, na vumbi jekundu la njia za ndani liliingia kila mahali: kwenye viatu, kwenye vitabu vya nyimbo, na kwenye kamera ya seminari tuliyokabidhiwa. Jumapili iliyofuata waamini walikuwa wanamuaga katekista wao, mzee aliyewahudumia kwa miaka mingi. Kazi yetu ilikuwa kupiga picha.

Alhamisi jioni mmoja wetu alichungulia kwenye tundu la kamera akaona kidoa cheusi. Tukaona aibu kwenda kwenye sherehe na kamera chafu. Tukachomoa lenzi, tukalowesha pamba kwa spiriti, tukasugua kile kioo kidogo kilichoinama ndani pamoja na kibamba cheupe kilicho juu yake. Kidoa kilitoka, lakini tuliacha mikwaruzo. Jumapili kamera ilihangaika kutafuta fokasi, na picha karibu zote zilitoka na ukungu. Katika ile ambayo mzee anapokea zawadi yake, uso hautambuliki vizuri.

Mwaka uliofuata mzee alifariki. Mwanawe alitupigia simu: “Frateri, shikamoo. Ile picha ya baba siku ya kuagwa, bado mnayo?” Tulimtumia ile iliyokuwepo. Alishukuru.

Tunaandika haya kwa sababu parokia nyingi sasa zina kamera, na wanaozitunza ni vijana kama sisi.

Kosa la kwanza: kutibu kabla ya kupima

Kile kidoa hakikuwa na madhara yoyote. Katika kamera zenye kioo ndani, mwanga ukipita kwenye lenzi hugonga kioo kilichoinama, ukapanda kwenye kibamba cha kulengea, kisha ukafika machoni kupitia tundu. Ukibonyeza kupiga picha, kioo kinajikunja juu, shata inafunguka, na mwanga unakwenda moja kwa moja nyuma, kwenye kihisi. Huko ndiko picha inakotengenezwa. Kwa hiyo vumbi la kwenye kioo au kwenye kibamba cha kulengea unaliona wewe unapochungulia, lakini haliingii kwenye picha.

Ili kujua kama uchafu uko kwenye kihisi, weka mwanya wa lenzi kwenye f/16 au f/22, piga picha ya anga tupu au shuka jeupe, kisha ikuze kwenye kompyuta. Mwanya mdogo hufanya kivuli cha vumbi kionekane wazi. Piga picha ya pili na ya tatu. Madoa yakirudi mahali palepale, yako kwenye kihisi. Kumbuka pia kwamba taswira hufika kwenye kihisi ikiwa imepinduka: doa lililo juu ya picha, vumbi lake liko chini ya kihisi. Madoa yasipoonekana, funga kamera ukalale.

Kosa la pili: kusafisha kila kioo kama kinara cha altare

Katika sakristia tumezoea kusugua shaba mpaka ing'ae. Kioo cha ndani ya kamera si hivyo. Kioo cha kujitazama nyumbani kimepakwa madini yake kwa nyuma, kwa hiyo unafuta glasi tu. Kioo cha kamera kimepakwa kwa mbele, na utando wake ni mwembamba mno, pamba inaukwaruza. Kibamba cha kulengea nacho mara nyingi ni cha plastiki laini. Zaidi ya hayo, sehemu ya mwanga hupenya kioo hicho kwenda kwenye mtambo wa fokasi. Ukikisukuma kidogo tu kutoka kwenye mkao wake, kamera inalenga mahali pasipo. Nadhani umeelewa sasa kilichotupata Ihanda.

Shata nayo usiiguse kabisa. Mapazia yake ni membamba sana, na yakipinda ni kazi ya fundi.

Kosa la tatu: kupuliza vibaya

Wengi tunapuliza kwa mdomo. Mate hayakosekani, na yakikauka yanaacha alama ngumu kuliko vumbi lenyewe. Wengine huenda gereji kuomba kompresa, au kwa fundi simu kuazima blowa. Hewa ya kompresa inaweza kuwa na mafuta na maji, na nguvu yake inaweza kupindisha shata. Vikopo vya hewa vinavyouzwa madukani navyo vinaweza kurusha kimiminika baridi kikaganda kwenye kihisi.

Kinachofaa ni kile kipulizio cha mpira cha kuminya kwa mkono. Inamisha kamera uso ukiangalia chini ili vumbi lidondoke, kisha minya mara kadhaa bila kuingiza ncha ndani.

Kosa la nne: dawa za nyumbani

Spiriti ya kawaida huwa na vitu vilivyochanganywa ambavyo hubaki kama ukungu. Dawa ya kufutia rangi ya kucha yenye asetoni huyeyusha plastiki. Dawa ya meno ni kama msasa laini. Tishu na pindo la shati hubeba chembe za mchanga, na vumbi letu la Mbozi likisuguliwa juu ya lenzi linakwaruza.

Kwa lenzi ya mbele, puliza kwanza, piga brashi laini, na mwisho futa kwa kitambaa safi cha maikrofaiba, kwa mzunguko kutoka katikati kwenda nje. Kama kuna alama ya kidole, weka tone la dawa ya lenzi kwenye kitambaa, kamwe si juu ya lenzi, maana maji hupenya pembeni. Na usihangaike na chembe mbili tatu za mbele. Mara nyingi hazionekani kwenye picha.

Kosa la tano: kufungua kihisi betri ikiwa imechoka

Kamera za kioo zina sehemu kwenye menyu inayoinua kioo na kufungua shata ili kihisi kisafishwe. Betri ikikata katikati, shata hujifunga na kioo hushuka juu ya chochote ulichoingiza. Jaza betri kwanza, tumia kipulizio peke yake, na madoa yakikataa kutoka, mpelekee fundi wa kamera. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kihisi kipya.

Kinga

Badilisha lenzi ndani ya nyumba, si barabarani, na mdomo wa kamera ukiangalia chini. Wakati wa masika usifungie kamera kwenye mfuko wenye unyevu, kwani fangasi huota kwenye vioo vya lenzi. Weka vipakiti vya silika ndani ya chombo kinachofunga vizuri. Usitumie mchele, una vumbi lake. Wala usiache lenzi wazi juani. Inakusanya miale na kuunguza.

Kamera ya seminari ilitengenezwa na inafanya kazi. Ukichungulia leo kwenye tundu lake utaona kidoa kingine, kidogo, upande wa kushoto. Tumepima anga kwa f/22 na picha ni safi. Tumekiacha hapo hapo.