Plaketi mupya zinalia: sikiliza mbele ya kufungua

Ndugu shofa, umeweka plaketi mupya za freni, zile ngumu zenye chuma ndani, na sasa motokari inalia toka Keshero mpaka mujini. Usiharakishe kuzitoa.

Kilio chembamba cha asubuhi, freni zikingali baridi, ni kawaida ya plaketi hizo, zaidi kwa kilomita 300 za kwanza. Lakini ikikwaruza hata muguu ukiwa mbali na pedali, tafuta kijiwe cha volkano kati ya disiki na bati lake. Barabara zetu zimevijaa. Ikigonga mara moja unapofunga freni, resori haikurudishwa, plaketi inacheza. Gurudumu moja likiwaka moto kuliko mengine, pistoni imekwama: simama. Sogeza mukono karibu tu, usiguse.

Na lile vumbi? Usilipulize, wala kwa kinywa wala kwa kompresa. Freni za zamani zilitiwa amianti, ambayo Ufaransa iliikataza mwaka 1997, na kwa macho huwezi kuitambua. Ugonjwa wake wa mapafu huonekana mara nyingi kiisha miaka 20 au zaidi. Lowesha kwa maji, panguza kwa kitambaa, ukifunge ndani ya mufuko na kukitupa. Na mutoto asikushikie taa hapo.